Mtipitipi: Namna ya Kuutambua Mmea wa Porini Wenye Mbegu za Sumu Kali

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtipitipi ni mmea wa porini unaotambaa na kujisokota juu ya mimea mingine, unaoishi miaka mingi, na ambao mbegu zake ni miongoni mwa mbegu zenye sumu kali kuliko zote zinazofahamika duniani. Jina lake la kitaalamu ni Abrus precatorius. Upo katika jamii ya mikunde, jamii ileile ya maharage, choroko na mbaazi, na ni mwenyeji wa ukanda wetu wa pwani: hupenda vichaka, kingo za misitu, mashamba yaliyoachwa na udongo wa kichanga.

Mazingira ya namna hiyo bado ni mengi katika viunga vya Dar es Salaam. Mbezi Luis, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, imejengwa kwa kasi kubwa, hasa baada ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli kuzinduliwa Februari 2021. Hata hivyo, kati ya nyumba na nyumba vimebaki viwanja visivyoendelezwa, makorongo, nyua za michongoma na vipande vya vichaka kuelekea Makabe, Msakuzi na Msumi. Hali ni hiyohiyo katika maeneo ya pembezoni ya Temeke na Kigamboni. Hapo ndipo watoto huchezea, na hapo ndipo mbuzi hufungwa.

Watu wengi huufahamu mmea huu kwa mbegu zake tu, ambazo ni ndogo, nyekundu zinazong'aa, zenye doa jeusi upande mmoja. Kuzitambua mbegu ni jambo jema, lakini hakutoshi. Mbegu huonekana pale tu ganda linapokauka na kupasuka, yaani mwishoni kabisa mwa msimu, wakati mtoto naye anaziona na kuzichuma. Kwa muda mrefu wa mwaka mtipitipi ni majani tu, umejificha ndani ya uzio, na mwenye nyumba hupita kando yake kila siku bila kujua. Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza zaidi sura ya mmea kabla haujaonesha mbegu.

Majani

Jani la mtipitipi hufanana sana na jani la mkwaju. Kila jani moja lina uti mwembamba wa katikati, na pande mbili za uti huo vimepangwa vijani vidogo vinavyotazamana, jozi kwa jozi. Jozi hizo ni kati ya 8 na 20. Kijani kimoja kina urefu wa sentimita 1 hadi 2 na nusu, umbo la mstatili uliochongwa kwa mviringo kwenye ncha, na rangi ya kijani kibichi upande wa juu na kilichopauka kidogo upande wa chini.

Lipo jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Jani likifika mwisho, hakuna kijani cha peke yake kinacholifunga. Uti huishia kwa kinywele kifupi, na vijani viwili vya mwisho hubaki vimetazamana kama wenzao. Idadi ya vijani kwa hiyo ni shufwa. Mikunde mingi mingine inayotambaa, upupu ukiwa mfano ambao kila aliyelima pwani anaukumbuka, ina vijani vitatu tu katika kila jani. Ukikuta majani mapana yaliyopangwa matatumatatu, huo si mtipitipi.

Usiku, na wakati mwingine jua linapokuwa kali sana, vijani huinama na kujikunja kuelekea chini, na mmea huonekana kama umenyauka. Haujanyauka. Asubuhi hufunguka tena.

Kwa ufupi, ukiona majani ya mkwaju juu ya kamba badala ya mti, simama utazame vizuri.

Shina na mizizi

Shina ni jembamba, gumu kuliko linavyoonekana, na sehemu ya chini huwa ya miti kadiri mmea unavyozeeka. Halina miiba. Halina vikonyo vya kushikia kama vile vya maboga au matango. Linapanda kwa kujizungusha lenyewe juu ya chochote kilicho karibu, iwe mchongoma, waya wa seng'enge au mche wa mwembe. Laweza kufika mita kadhaa. Kwenye uwanja mtupu usio na cha kupandia, hutambaa chini na kusukana lenyewe kwa lenyewe.

Mizizi huingia chini sana. Hii ndiyo sababu kufyeka peke yake hakusaidii: shina likikatwa usawa wa ardhi, mvua zinazofuata huleta machipukizi mapya kutoka kwenye kisiki kilekile.

Maua na maganda

Maua ni madogo, urefu wake ni kama sentimita 1, yenye umbo la ua la kunde na rangi ya zambarau iliyofifia au waridi, mara chache meupe. Hukaa kwa vishada vilivyosongamana kwenye kikonyo kinene kilichopinda kidogo, ambacho hutokea mahali jani linapoungana na shina. Si maua ya kuvutia, na mara nyingi hufichwa na majani.

Baada ya maua huja maganda. Ganda bichi ni bapa, lina vinyweleo vifupi, urefu wa sentimita 2 hadi 5 na upana wa sentimita 1 hivi, na ncha yake imechongoka kama mdomo wa ndege uliopinda chini. Maganda hukaa pamoja kwa kishada. Mtu asiyeujua mmea angeweza kudhani ni kunde fupi au njegere za mwituni, na hapo ipo hatari ya kwanza, kwa kuwa mbegu zilizomo ndani ya ganda bichi ni laini na hutafunika kwa urahisi kuliko zilizokauka.

Ganda likikauka huwa la kahawia, hupasuka sehemu mbili, na kila upande hujikunja kurudi nyuma. Mbegu 3 hadi 7 hubaki zimeshikamana na ganda, zikitazama nje. Zaweza kukaa hivyo kwa miezi bila kuanguka. Ndege huvutwa na wekundu huo na kuzibeba kwenda mbali. Ndiyo maana mtipitipi huota chini ya miti na kando ya nyaya ambako ndege hutua, hata ndani ya ua ambao haujawahi kuwa na mmea huo.

Mbegu, na zile zinazofanana nazo

Mbegu ya mtipitipi ni kubwa kidogo kuliko choroko, yenye umbo la yai, ngumu na laini kwa kugusa. Theluthi mbili ni nyekundu na theluthi moja hivi ni nyeusi. Weusi huo upo mahali mbegu iliposhikamana na ganda. Zipo pia aina chache zenye mbegu nyeupe au nyeusi tupu, na sumu yake ni ileile, kwa hiyo rangi peke yake si kigezo cha usalama.

Mbegu nyingine nyekundu zinazookotwa Dar es Salaam hupotosha. Madenantera, mti wa mapambo ambao jina lake la kitaalamu ni Adenanthera pavonina, hutoa mbegu nyekundu tupu zisizo na doa, bapa kama dengu na kubwa zaidi. Mti wa Erythrina abyssinica, wenye gome nene la miiba na maua mekundu ya moto, hutoa mbegu nyekundu zenye doa la kijivu au jeusi, na hizi ndizo zinazofanana zaidi na tipitipi. Tofauti ni kwamba ni kubwa zaidi na hutoka kwenye mti wenye vijani vitatu vipana, si kwenye kamba. Nazo si za kutafunwa. Mbegu za mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, zina rangi hizohizo kwa mpangilio uliogeuzwa: mbegu ni nyeusi, kubwa kama kokwa la tende au zaidi, na imevikwa kikombe chekundu upande mmoja.

Jina nalo halitoshi kumlinda mtu. Mtipitipi ndilo jina lililomo katika kamusi, lakini kila lugha ya pwani na bara ina jina lake, na neno tipitipi lenyewe ni jina pia la ndege. Mganga anayeulizwa dawa kwa jina na muuzaji anayetoa mzizi kwa jina wanaweza kuwa wanazungumzia mimea miwili tofauti.

Sumu yake na namna inavyofanya kazi

Sumu iliyomo katika mbegu huitwa abrini. Ni protini, ndugu wa karibu wa risini inayopatikana katika mbegu za mbarika, ila ni kali zaidi ya hiyo. Abrini huingia ndani ya seli za mwili na kuzuia utengenezaji wa protini. Seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Utumbo huumia kwanza, kisha ini, figo na viungo vingine.

Ganda la nje la mbegu ndilo linaloamua mambo. Mbegu kavu iliyomezwa nzima, bila kutafunwa, mara nyingi hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Mbegu iliyotafunwa, kupondwa, kusagwa au kutobolewa ni jambo jingine. Mbegu moja tu iliyotafunwa sawasawa yaweza kuhatarisha maisha, hasa ya mtoto mdogo.

Kutobolewa kunastahili kutiliwa mkazo kwa sababu kila shanga hutobolewa. Neno precatorius katika jina la mmea linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuomba au kusali, kwa kuwa mbegu hizi zilitungwa kuwa tasbihi na rozari. Bado zinatungwa kuwa mikufu na bangili katika nchi nyingi za joto. Desemba 2011, Eden Project, bustani maarufu ya mimea huko Cornwall, Uingereza, ilitangaza kurudishwa kwa maelfu ya bangili zilizotengenezwa Peru baada ya kubainika kuwa mbegu zilizotungwa ni hizi. Bangili hizo zilikuwa zimeuzwa kama pambo la kawaida. Mtengeneza shanga naye yumo hatarini, kwani unga unaotoka wakati wa kutoboa waweza kuingia machoni, puani au kwenye kidonda cha kidole.

Kuhusu macho, historia ina somo chungu. Mwaka 1882 daktari wa macho Louis de Wecker wa Paris alianza kutumia maji yaliyolowekwa mbegu hizi kutibu trakoma. Maji hayo yalisababisha uvimbe mkali sana wa jicho, na matibabu hayo hatimaye yaliachwa kwa madhara yake. Kwa upande wa mifugo, kumbukumbu za India za karne ya 19 zinaeleza jinsi wezi wa ngozi walivyosaga mbegu, wakazifinyanga kuwa vijisindano vikali na kuwachoma ng'ombe navyo ili wafe. Sumu iliyoingia kupitia ngozi ilitosha.

Palepale India mbegu hizo zilitumika kwa karne nyingi kupimia dhahabu, kwa kuwa uzito wake, takriban sehemu ya kumi ya gramu, haupishani sana kutoka mbegu moja hadi nyingine. Katika kisiwa cha Réunion hutiwa ndani ya kayambu, ndugu wa kayamba ya pwani yetu, ili zitoe mlio. Matumizi hayo hayakuwadhuru watu kwa sababu mbegu zilibaki nzima.

Jambo moja hupotosha kuliko yote: majani na mizizi ya mtipitipi ni mitamu. Ina viambato vyenye utamu, na katika nchi nyingi imetumika kutuliza kikohozi na koo. Mtoto aliyewahi kuona mtu mzima akitafuna jani la mmea huu hana sababu ya kuogopa mbegu yake. Wanaotumia mimea kwa tiba wanakumbushwa kuwa huduma hiyo inasimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na ni busara kumtumia mganga aliyesajiliwa kuliko kujichimbia mzizi nyuma ya nyumba.

Mtu akila mbegu

Dalili hazitokei mara moja. Huchukua saa kadhaa, na wakati mwingine siku moja hadi tatu. Kuchelewa huku ndiko kunakoua. Mtoto aliyetafuna mbegu mchana huenda akacheza jioni, akala chakula cha usiku na kulala vizuri. Mzazi akaona hakuna tatizo. Kisha huanza kichefuchefu, kutapika, maumivu makali ya tumbo na kuharisha, mara nyingine kwa damu. Mwili hupoteza maji, mapigo ya moyo huenda mbio, na mgonjwa hulegea. Dalili hizo hufanana na za magonjwa mengi ya kuhara, na mhudumu wa afya asiyeelezwa habari ya mbegu hana namna ya kuikisia.

Hakuna dawa mahsusi ya kuiondoa abrini mwilini. Matibabu ni kuwahi: mkaa maalumu wa hospitali unaonyonya sumu ukitolewa mapema, kurudishiwa maji na chumvi, na kuangaliwa kwa karibu ini na figo. Wagonjwa wengi wanaowahi hupona. Kwa hiyo mtoto anayejulikana au kushukiwa kutafuna mbegu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, akiwa mzima wa sura au la. Wakazi wa Mbezi na Kibamba wapo karibu na Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, iliyopo Kwembe, lakini zahanati au kituo cha afya kilicho karibu zaidi ndicho cha kuanzia iwapo usafiri ni mgumu.

Asitapishwe kwa kutiwa kidole kooni, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, si dawa ya abrini, na kuyasubiri yafanye kazi ni kupoteza muda. Masalia ya mbegu yaliyobaki mdomoni yafutwe kwa kitambaa na kutunzwa. Chukua mbegu zilizobaki, au picha ya mmea kwa simu, umwoneshe mhudumu; mwambie idadi inayokadiriwa na saa mbegu zilipoliwa. Aliyeingiwa na unga wa mbegu machoni aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kabla ya kuanza safari.

Kuuondoa nyumbani

Mtipitipi haufanani na gugukaroti, gugu vamizi kutoka Amerika lililoripotiwa Arusha mwaka 2010 na ambalo linapaswa kudhibitiwa popote lilipo. Mtipitipi ni mmea wetu wa asili. Ndani ya misitu iliyohifadhiwa, kama ule wa Pande ulio jirani na Msumi, haung'olewi; una nafasi yake pale. Kinachotakiwa ni kuuondoa kwenye nyua, shule, viwanja vya michezo na mahali pa malisho.

Wakati mzuri ni mara baada ya mvua, udongo ukiwa laini na maganda yakiwa hayajapasuka. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Fuata kamba hadi inapoingia ardhini, chimba, uondoe mzizi kwa kina unachoweza. Kama maganda yamekwisha kukauka, yachume kwanza na kuyatia ndani ya kiroba, ndipo uvute shina. Ukianza na shina, mbegu zitatawanyika chini. Zifukiwe shimoni kwa kina, zisiachwe jalalani wala kuchanganywa na mbolea ya bustani. Mbegu hizi zina ganda gumu na zaweza kukaa ardhini muda mrefu kabla ya kuota, kwa hiyo mahali hapo pakaguliwe tena mvua za masika na za vuli zinapokuja.

Mwenye shaka asikisie. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, inatunza hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi yake Mlimani, mwendo mfupi kutoka Mbezi kwa Barabara ya Morogoro. Kielelezo kinachofaa kupelekwa ni kipande cha shina chenye jani zima hadi ncha yake, na ua au ganda kama vipo, kilichobanwa bapa kati ya kurasa za gazeti. Juu ya gazeti iandikwe tarehe, mtaa kilipochukuliwa, mmea ulikuwa umepanda juu ya nini, na jina ambalo majirani wanauita. Mbegu ziwekwe kando ndani ya chupa yenye kifuniko kinachokaza, iandikwe SUMU.